Vifaranga wa Bellingshausen

Nafundisha baiolojia, na tukifika mada ya mazingira wanafunzi hutaka habari za dubu wa kaskazini. Mimi huwapeleka Antaktika, kwa pengwini wale wakubwa kuliko wote. Jike hutaga yai moja mwezi Mei au Juni, humkabidhi dume, kisha huenda baharini kula. Dume hulibeba juu ya miguu yake miezi miwili hivi, bila kula, katika baridi kali kupindukia. Haya yote hufanyika juu ya barafu ya bahari iliyoshikamana na pwani, na lazima idumu hadi Desemba au Januari, vifaranga wanapoota manyoya yasiyopitisha maji.

Mwaka 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, iliyo kando ya Antaktika, barafu hiyo haikudumu. Wanasayansi wa Uingereza waliona kwenye picha za setilaiti madoa ya kinyesi (ndiyo yanayoonyesha makundi yalipo) yakitoweka mapema pamoja na barafu. Kati ya makundi matano, manne yaelekea yalipoteza vifaranga wote. Kifaranga akitumbukia na manyoya yake ya utotoni, hulowa, akazama au akafa kwa baridi.

Zamani kundi lililokosa barafu lilihamia kwingine mwaka uliofuata. Safari hii barafu ilipungua karibu eneo zima, na hilo linaniuma mno.