Herufi moja inavyomkosesha mtoto wa Ukerewe mkopo wa chuo

Huku kwetu Tanzania, mtoto wa mvuvi wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, anategemea mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mara nyingi anakwama kwenye herufi moja tu.

Shika cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, ulinganishe majina. "Nyamizi" huku na "Nyamisi" kule ni shida tayari. Muone wakili mapema akusaidie kurekebisha jina. Kisha cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Mzazi amefariki? Cheti cha kifo nacho kihakikiwe, la sivyo uyatima wa mwombaji hauna ushahidi.

Fomu ya maombi huchapishwa, ikasainiwa na kugongwa muhuri serikali ya kijiji na kwa wakili au hakimu, ikaskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Muhuri ukififia, rudia.

Wa Nyamagana, jijini Mwanza, anamaliza haya kwa daladala. Wa kisiwani, akitumwa Mwanza kurekebisha jina, analipa meli kutoka Nansio, bandari ya Ukerewe, kwenda na kurudi, pengine na malazi. Gharama hiyo hakuna mkopo unaoirudisha, na inaniuma.