Bibi alivyotaka kukaa

Mwaka 2016, nikiwa mwaka wa pili chuoni Unguja, mwalimu wetu wa picha alitupa kazi ya kufungia muhula: kila mmoja apige picha za sura, za watu wake mwenyewe, kwa mwanga wa asili, bila flashi. Sharti la mwisho ndilo lililoniingia rohoni: alisema atazichanganya picha zetu zote mezani bila majina, na anataka aweze kujua ipi ni ya nani.

Wakati ule darasa zima tulikuwa na mkono mmoja. Tulifungua tundu la lenzi hadi mwisho ili uso utoke mkali na nyuma kuyeyuke, kisha kwenye simu tukaongeza rangi ya chungwa kwenye ngozi na buluu kwenye vivuli. Picha zilipendeza kweli, na mimi nilizipenda. Lakini mtu aliyepigwa Nungwi na aliyepigwa Darajani walitoka kama wamekaa pahala pamoja, na hilo lilikuwa limeanza kunikera.

Nikaenda kwa Bibi, Mkunazini. Bibi yangu alikuwa akishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vinavyotobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja kwa mkono. Kofia moja nzuri ilimla miezi. Kila alasiri hukaa dakani, pale mlangoni, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, subana ya kusukumia sindano kidoleni, uso umeinama. Picha niliyoitaka ilikuwa tayari kichwani: Bibi anashona, hanitazami, kama hajui kuwa nipo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kamera ya nani hiyo?"

"Ya chuo, Bibi. Nataka nikupige picha unaposhona."

"Hivi? Na kanga ya jikoni?"

Nikamweleza kwamba ndivyo nilivyotaka, awe kama alivyo siku zote. Akaichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Siku zote watu wananiona," akasema. "Lakini picha ni picha, mwanangu. Ningoje."

Akaingia ndani, na hakutoka upesi. Nilisikia kasha likifunguliwa, na harufu ya udi ikafika mpaka dakani. Aliporudi alikuwa amejifunga doti mpya ya kisutu, ile nyekundu na nyeusi na nyeupe, na kikuba cha asumini kifuani. Hakurudi mkekani. Alikwenda kukaa kwenye baraza ya mawe ya upande wa ndani, mgongo wima, nyayo zimegusana, akaipakata ile kofia ambayo haijesha, na kunitazama moja kwa moja.

"Haya, piga."

Nilijaribu kumbembeleza ageuke kidogo, atazame pembeni. Hakugeuka. Mkao ule nilikuwa nimeuona zamani. Shangani, barabara ya Kenyatta, kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na nilikuwa na mazoea ya kupita baada ya vipindi kutazama picha za nyeusi na nyeupe za watu wa mji huu. Waliopigwa studioni walivaa, wakakaa wima, wakamkabili mpiga picha. Bibi ni mtoto wa zama hizo. Kwake kupigwa picha ni jambo la kujiandaa, kama kwenda harusini, na mwenye kuamua mkao ni yule anayekaa.

Basi nikaacha kubishana, nikatazama mwanga.

Na mwanga ulikuwa wa ajabu. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, jua la alasiri haliteremki hadi chini. Hupiga sehemu ya juu ya ukuta wa jirani, na ukuta huo, kwa kuwa umepakwa chokaa, huurudisha mwanga chini ukiwa umekwisha kulainika. Uliingia mlangoni kwetu ukamfika Bibi shavu la kushoto kwanza. Kulia kwake kulikuwa na ukuta mweupe, nyuma yake kiza cha ukumbi.

Nilijua kamera itafanya nini ikiachiwa iamue yenyewe. Kipimo chake cha mwanga hakijui uso wa mtu. Kinachukulia kwamba chochote kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukuta mweupe ukijaa kwenye fremu, kamera huupunguza uwe kijivu, na uso mweusi unazama nao. Kiza kikizidi, hufanya kinyume: huongeza mwanga, na ngozi inatoka na rangi ya jivu. Hata enzi za filamu mambo hayakuwa bora. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilipima usahihi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi zetu zikaachwa zitoke zitakavyotoka. Jambo hili liliniuma tangu niliposoma, na linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo nilihamia kwenye manyuali, niamue mwanga mwenyewe. Nikaweka kipimo kisome nukta moja tu, nikakielekeza shavuni kwa Bibi, kisha nikapunguza mwanga hatua moja kutoka pale kilipotaka, ili weusi wake ubaki weusi wake, wenye uhai ndani. Lenzi ilikuwa ya milimita 50. Desturi yangu ilikuwa kuifungua hadi f/1.8, tundu lake lote, lakini macho ya Bibi na mikono yake havikuwa umbali mmoja, nami nilitaka vyote vitoke vikali. Nikalipunguza tundu hadi f/5.6, ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, nikaipandisha hadi 1600, kasi 1/125 ya sekunde. Chembechembe zingeonekana kidogo. Nikaona si neno.

Kupitia tundu la kutazamia ndipo nilipoiona subana. Alibadilisha kila kitu mwilini isipokuwa hiyo. Ilikuwa pale kwenye kidole cha kati, imelika upande mmoja, inawaka nukta moja ya mwanga juu ya kitambaa cheupe.

"Bibi, subana hutoi?"

"Ya nini niitoe? Hiyo ndiyo iliyosomesha baba yako."

Nikapiga. Hakupepesa.

Mwalimu alipoiona picha hakusema neno kwa muda. Kisha akaniuliza kama namjua mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Sikumjua. Akanionyesha picha za watu ambao Keïta aliwapiga uani kwake, kwa mwanga wa nje, na kitandiko chake cha kitanda kimetundikwa nyuma kiwe pazia. Walikuwa wamevaa walivyopenda, nao wanatutazama bila hofu. Mara nyingi alipiga fremu moja tu kwa mteja, maana filamu ilikuwa ghali. Nilikaa na picha zile hadi maktaba ikafungwa, na nikaanza kuipata ile kiu yangu ilikuwa ya nini. Nilitaka mtu aliye mbele yangu awe na kauli katika picha yake, na kazi yangu iwe kuutafuta mwanga wa kumtosha.

Picha zote zilizofuata za muhula ule nilizipiga hivyo. Nauliza kwanza: ungependa ukaeje, uvae nini, ushike nini? Majibu yao yalinishangaza kuliko chochote nilichoweza kubuni. Mjomba, fundi wa redio, alitaka apigwe amesimama na redio ya kwanza aliyoitengeneza. Shangazi alitaka kiti kitupu cha marehemu mumewe kiwe kando yake, na hakutaka kueleza zaidi.

Ya Bibi niliisafisha kubwa, akaitundika ukumbini juu ya redio. Wiki haikwisha, mama wa nyumba ya pili akatuma mtoto kuja kuuliza kama anaweza kuja yeye na wifi yake, nao wavae visutu. Nikamwambia mtoto akaseme waje, ila wawahi, alasiri ikishaswaliwa tu, kwa sababu mwanga wa daka letu haukai hadi magharibi.