Siku nilipofuta jina langu kwenye vitabu

Nilisema uongo kwa ajili ya kitabu cha hadithi za Mtume (s.a.w.). Binti mmoja tunayesoma naye darsa aliniomba nimwazime juzuu ya pili, alitaka kudurusu mlango wa sala. Nikamjibu papo hapo, "Mdogo wangu, iko kwa mtu, hajairudisha." Juzuu ilikuwa nyumbani, juu ya rafu, imefunikwa kwa plastiki, haijapata hata mkunjo mmoja. Akasema, "Basi dada, insha'Allah akiirudisha utaniambia." Nami nikaitikia, insha'Allah. Jina la Allah nikaliweka juu ya uongo wangu liwe kifuniko.

Usiku ule niliposimama kuswali Isha ndipo nilipoanza kuona. Mswala wangu niliutandika katika chumba kilekile cha vitabu, na rafu zilikuwa upande wa kibla. Kila macho yaliponitoka mahali pa kusujudia, yalitua kwenye juzuu ile. Nilisoma Al-Fatiha huku moyoni kukiwa na jambo jingine kabisa: picha ya yule binti ameinamia kurasa zangu na kalamu mkononi. Nilitoa salamu sijui kama nimeswali rakaa tatu au nne.

Kabla ya hapo, mtu angeniuliza kama naipenda dunia ningesema hapana, na ningesema kwa dhati. Dhahabu haikunishughulisha. Nguo zangu zilikuwa chache. Nilipoisikia Suratu Takathur, "Kumekushughulisheni kutafuta wingi, mpaka mmezuru makaburi," niliwafikiria watu wa biashara, wala haikunipitia kwamba wingi unaweza kuwa wa vitabu vya dini. Naamini tuko wengi katika hali hii. Dunia haimjii kila mtu kwa sura ya pesa. Mmoja humjia kwa cheo cha msikitini, mwingine kwa sauti nzuri ya kusomea Kurani, mwingine kwa watoto wanaosifiwa na majirani. Mimi ilinijia imejipamba kwa majalada mazuri na maandishi ya dhahabu mgongoni, nikaifungulia mlango mwenyewe nikidhani ni akhera.

Nilikuwa na vitabu karibu 300, nilivyovikusanya kwa miaka 14. Katika ukurasa wa kwanza wa kila kimoja niligonga muhuri wa jina langu, na chini yake nikaandika tarehe niliyokipata. Nilivipangusa vumbi kila Ijumaa. Kimoja kikisogezwa kidogo tu, nilijua. Lakini nilivyovisoma mpaka ukurasa wa mwisho havikufika 60. Vingine nilivitafuta kwa sababu seti ilikuwa na pengo, vingine kwa sababu nilimwona navyo mtu mwingine.

Jambo la kwanza nililolifanya baada ya usiku ule lilikuwa kosa. Nilitafuta kitabu kinachozungumzia zuhudi, yaani kuutoa moyo katika kuipenda dunia. Nikakipata, nikakigonga muhuri, nikakipanga na wenzake. Nilikisoma kwa machozi, na machozi yale yakanituliza, nikajiona nimepona. Baada ya wiki mbili yule binti akaniuliza tena, "Dada, yule mtu hajarudisha bado?" Nikasema, "Bado." Mara ya pili hiyo. Maneno ya zuhudi yalikuwa yamejaa kichwani, moyo haukuwa na habari nayo.

Nikakumbuka kisa cha Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111). Katika ujana wake alikuwa akirudi kwao Tus kutoka Jurjan alikokwenda kusoma. Wanyang'anyi wakauvamia msafara, wakachukua kila kitu, pamoja na maandishi ya masomo yake. Akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie maandishi yale peke yake, maana ndiyo elimu aliyoitokea kwao kuitafuta. Yule mtu akacheka: unadaije kuwa una elimu, nasi tukikunyang'anya mfuko unabaki huna elimu? Akaamuru arudishiwe. Ghazali alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyokuwa ameyaandika. Kisa hiki nilikuwa nimewasimulia wengine mara nyingi, kuwahimiza wahifadhi. Safari hii kilinigeukia mimi. Rafu zile zikiungua leo, ningesimama mbele ya Mola wangu na nini?

Nilimwendea Ustadha wetu, mama mtu mzima ambaye hana maneno mengi. Nikamweleza kila kitu, hata uongo. Nikamalizia kwa kusema kwamba nimeamua: kesho navitoa vyote, nibaki na msahafu tu. Nilidhani atafurahi. Aliniuliza, "Vyote, au kile kimoja?"

Sikuweza kujibu.

"Mwanangu," akasema, "ukivitoa vyote kwa mkupuo watu watakusifu, na sifa nayo ni dunia, tena ngumu kuiacha kuliko karatasi. Anza na kile kilichokufanya useme uongo."

Kisha akanisomea aya ya 92 ya Suratu Al-Imran: "Hamtaufikia wema mpaka mtoe katika vile mnavyovipenda." Akaninyooshea kidole kwenye neno "katika". Hatukuambiwa tutoe vyote tunavyovipenda, akasema, wala hatukuambiwa tutoe tusivyovihitaji. Aya hiyo ilipoteremka, Abu Talha (r.a.) alikuwa na bustani za mitende, na aliyoipenda kuliko zote ni Bairuha, iliyoelekeana na msikiti wa Mtume (s.a.w.), ambaye alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake matamu. Abu Talha hakutafuta ya ziada. Alikwenda kwa Mtume akaitaja Bairuha yenyewe, kwamba ni sadaka kwa ajili ya Allah. Mtume (s.a.w.) akamwambia hiyo ni mali yenye faida, akamshauri aigawe kwa jamaa zake. Mimi, kama ningeachiwa nichague, ningetoa vile vyenye nakala mbili.

Nilimuuliza Ustadha kama basi kumiliki vitu ni aibu kwa mtu anayemtaka Mola wake. Akanitajia Abdurrahman bin Auf (r.a.), mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, na alikuwa tajiri. Siku moja amefunga, akaletewa chakula. Akamkumbuka Mus'ab bin Umair, aliyeuawa Uhud na kukafiniwa kwa shuka moja fupi: wakimfunika kichwa miguu inatoka, wakimfunika miguu kichwa kinatoka. Abdurrahman akasema Mus'ab alikuwa bora kuliko yeye, akaogopa isije ikawa wao wametangulizwa malipo yao humu duniani. Akalia mpaka akakiacha chakula. Mali ilikuwa mikononi mwake na haikuweza kumziba macho. Imepokewa pia kwamba Imamu Ahmad bin Hanbal aliulizwa kama mtu anaweza kuwa na dinari 1,000 na bado akawa na zuhudi. Akajibu ndiyo, kwa sharti zikiongezeka asifurahi na zikipungua asihuzunike. Nimeufanya huo kuwa mzani wangu mpaka leo. Sijiulizi nina vingapi. Najiuliza kikiondoka kimoja moyo unakuwaje.

Kumwambia yule binti ukweli kulikuwa kugumu kuliko kutoa kitabu chenyewe. Nilimngoja darsa iishe, nikamwita pembeni. "Mdogo wangu, juzuu haikuwa kwa mtu. Ilikuwa kwangu siku zote mbili ulizoniuliza. Nilikudanganya kwa sababu sikutaka itoke." Alinitazama kitambo kirefu. Nilitamani anilaumu. Akasema, "Allah akusamehe, dada, na mimi nimekusamehe." Nikampa juzuu, na plastiki yake nikaivua kwanza.

Nilitarajia usiku huo niswali kwa wepesi. Haikuwa hivyo. Sasa macho yalitua kwenye pengo la juzuu iliyotoka, na pengo likanishughulisha kuliko kitabu chenyewe. Hapo niliifahamu hadithi ya khamisa aliyoipokea Bi Aisha (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amevaa nguo yenye mapambo, akayatupia jicho mara moja. Alipomaliza akasema ipelekwe kwa Abu Jahm, naye aletewe nguo nzito ya Abu Jahm isiyo na mapambo, kwa kuwa ile imemshughulisha katika sala yake. Jicho la mara moja tu! Na yeye ni Mtume. Hakuihukumu nguo kuwa mbaya, wala hakungoja moyo uizoee. Aliiondoa. Siku ya pili nikauhamisha mswala wangu kwenye chumba kingine, mbele yangu ukuta mtupu. Nilikuwa nimezihangaikia sala zangu kwa miaka na sikuwahi kufikiria jambo jepesi kama hilo.

Juzuu ilirudi baada ya wiki tano. Jalada limelegea, kona ya chini ina doa la maji, na kurasa nyingi zimepigwa mistari ya penseli. Binti aliomba radhi, nikamwambia, "Hakuna neno, mdogo wangu." Nilipofika nyumbani nilikaa chini nikahesabu kurasa zenye doa. Zilikuwa 22. Hasira ilinikaa siku tatu, na ndani ya siku hizo sikugusa Kurani kwa raha. Nilijihesabu nafsi yangu, maana muhasaba ndio uliobaki, nikaona kwamba kutoa kitabu nimetoa, lakini neno "changu" nimebaki nalo. Nilikuwa nimeiachia karatasi kwa wiki tano na umiliki nikaushika kwa mikono miwili.

Ndipo nikafikiria wakfu. Umar bin Khattab (r.a.) alipata ardhi Khaibar, akamwambia Mtume (s.a.w.) kwamba hajawahi kupata mali iliyo azizi kwake kuliko hiyo, anamwamrisha nini? Akaelekezwa azuie asili yake na atoe sadaka manufaa yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Soma tena maneno ya Umar: hajawahi kupata mali azizi kuliko hiyo. Yeye hakusema haipendi. Aliipenda, na alikwenda nayo hivyo hivyo anaipenda.

Nilirudi kwa Ustadha kuuliza, kwa sababu jambo hili lina hukumu zake na si la kufanya kwa hamasa ya usiku mmoja. Alinieleza kwamba wanazuoni wengi wanajuzisha wakfu wa vitu vinavyohamishika kama vitabu, na kwamba wengi wao wanaona wakfu ukishafungwa haurudi. Aliniuliza kama nina deni la mtu. Aliniuliza kama vyote ni mali yangu halali, hakuna cha kuazima wala cha warithi wengine. Viwili vilikuwa vya watu! Nimekaa navyo miaka. Nikavirudisha kwanza.

Kisha nikachagua 40, na juzuu ile ya pili pamoja na seti yake yote vikiwa mbele. Nikakaa sakafuni na kalamu. Kwa kila kimoja nilifungua ukurasa wa kwanza, nikapiga mstari juu ya muhuri wa jina langu, nikaandika chini yake: Wakfu kwa ajili ya Allah, kwa wanaotafuta elimu. Mkono ulikuwa mzito. Kwenye kitabu cha saba au cha nane nililia, na sikulia kwa furaha. Niliona miaka yangu inafutwa mstari mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nikirudia dua ya Mtume (s.a.w.), "Allahumma la taj'alid-dunya akbara hammina wala mablagha ilmina," ewe Mola usiifanye dunia kuwa hamu yetu kubwa kabisa wala upeo wa elimu yetu. Nilikuwa nikiisoma tangu utotoni, na neno la mwisho nilikuwa silijali. Upeo wa elimu yangu ulikuwa rafu.

Nilipofika vya mwisho mkono ulikuwa umezoea. Tulivihamishia kwenye kabati la madrasa, na daftari la waazimaji likawekwa juu yake.

Nafsi haikusalimu amri. Wiki za mwanzo nilikuwa nikipita karibu na kabati lile kuangalia kama vimepangwa vizuri, na nilipomwona mtoto akilamba kidole kugeuza ukurasa nilihisi joto kifuani. Nikajifunza kukaa pale pale, kumwombea yule mtoto kwa jina lake, mpaka joto lishuke. Lilikuwa likishuka. Baada ya miezi kadhaa sikuwa nalo tena kwa vitabu vile. Nimeongeza vingine 90 tangu wakati ule, kidogo kidogo, kila mara nikianza na kile ambacho mkono unakiepuka. Seti moja aliyoniachia marehemu baba bado iko nyumbani. Kila nikiifikia narudi nyuma, na sitaki kujidanganya kwamba ni kumbukumbu ya mzazi tu. Naiombea dua.

Juzi nilihitaji kuangalia hadithi moja katika mlango wa sala. Nilikwenda madrasani, nikaitoa ile juzuu ya pili yenye jalada lililolegea, nikaikuta hadithi yenyewe imepigwa mstari wa penseli na pembeni imeandikwa maana ya neno nililokuwa sijalielewa. Nikaandika jina langu kwenye daftari la waazimaji, chini ya jina la yule binti. Muda wa kukaa nayo: siku 14.