Karatasi ya Mjomba

Kwa siku nne majibu ya damu ya Mjomba yalilala chini ya godoro la Mama kama barua ya talaka.

Mjomba ni fundi wa majahazi. Miaka yote amekwenda kijijini Matondoni kwa mashua, akarudi magharibi nguo zimejaa vumbi la mbao, na pombe hajawahi kuonja. Alikwenda kupimwa kwa sababu ya uchovu usiokwisha. Aliyempa karatasi dirishani alimwambia neno moja tu: "Mzee, ini lako lina matatizo." Akaitwa anayefuata.

Yeye alisikia tuhuma. Kwetu hapa ukitaja ini, anayefikiriwa kwanza ni mlevi, na Lamu neno likitoka mtaa wa Mkomani asubuhi, adhuhuri liko mtaa wa Langoni. Akaacha kukaa barazani baada ya alasiri. Hilo liliniuma kuliko namba zenyewe.

Jana nikamwomba tuende pamoja kwa daktari mwingine. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa.

Daktari alitandaza karatasi mezani akatuonyesha kwa kalamu. ALT 168, wakati maabara imeandika mwisho wake ni 40. AST 97. Hizo ndizo zilizowekewa nyota. Akasema hivi, ALT na AST, ni vimeng'enya, protini za kuharakisha kazi za mwili, vinavyokaa ndani ya seli. Seli zikiumia, huvujia kwenye damu. Kwa hiyo vinaonyesha kwamba ini linaumizwa, si kwamba limeshindwa kazi. Kazi yake huonekana kwingine: albumini, protini ambayo ini lenyewe huitengeneza, bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini huitoa kwa njia ya nyongo, na muda wa damu kuganda. Albumini na bilirubini za Mjomba ziko sawa. Kuganda kwa damu hakukuwa kumepimwa, akaandika kipimwe.

Nilimwona Mjomba bado anatazama zile nyota. Nikamwambia, "Mjomba, maji yameingia ngamani, lakini chombo chaelea."

Akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza daktari, "Ubao upi wavuja?"

Daktari alifurahi kuulizwa hivyo. Akasema mbao za kukagua ni nyingi: homa ya ini ya B na ya C, mafuta kwenye ini, sukari, dawa. Chanjo ya homa ya ini B ilianza kupewa watoto wachanga wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Mjomba alikuwa mtu mzima zamani. AST yaweza kutoka hata kwenye misuli ya mtu anayebeba magogo. Halafu akasema, bila kuulizwa, kwamba kwa wanywaji mara nyingi AST huipita ALT, hata maradufu, na hapa mambo ni kinyume. Akaongeza kwamba hilo peke yake si ushahidi. Lakini Mjomba alikuwa ameshainua kichwa.

Kisha swali ambalo hakuna aliyemuuliza kabla: "Mzee, unameza nini nyumbani?"

Mgongo umemsumbua mwezi mzima. Paracetamoli za miligramu 500, mbili alfajiri, mbili adhuhuri, mbili magharibi, mbili kabla ya kulala. Nikahesabu vidoleni: nane, gramu 4, ukomo wa mtu mzima kwa siku nzima. Juu yake dawa ya mafua ya unga, ambayo nayo ina paracetamoli ndani. Na chupa ya mitishamba aliyouziwa sokoni, haina jina wala maandishi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia ile ya mafua. Sikuwahi kusoma nyuma ya pakiti.

Daktari hakumlaumu. Alisema aache vyote vitatu, akampa njia nyingine ya kutuliza mgongo, akatoa damu ya homa ya ini, na altrasaundi ikifuata. Baada ya wiki nne ALT ipimwe tena. Macho yakiwa manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, tusisubiri siku hiyo.

Majibu ya homa ya ini ni Jumatatu. Mama ameitoa karatasi godoroni, ameibandika ukutani karibu na kalenda. Leo alasiri Mjomba alirudi barazani, na alipoulizwa siku zote hizi yu wapi, akajibu kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Napima ini."