Ninavyoirudisha ladha ya tomato ya nyumbani kwenye chupa za ughaibuni

Aliyezoea chipsi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi akifika Uingereza au Marekani huishangaa chupa ya kwanza ya tomato, yaani sosi ya nyanya, anayoinunua. Rangi ni nyekundu kama kawaida, lakini sosi ni nzito, inang'ang'ania chupa, ina uchachu mkali, na nyanya imezidi mpaka utamu wa chipsi hausikiki. Nimepikia Uingereza, nimepikia pia kwa ndugu Uholanzi na Marekani, na njia ninayoieleza hapa ndiyo inayonipa tomato inayofanana na ile ya kibandani.

Kabla ya kuonja nasoma lebo. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kwanza. Chukua kechapu ya Heinz, kwa kuwa inapatikana karibu kila mahali. Chupa ya kawaida ya Marekani ina rojo la nyanya, siki, sharubati ya mahindi yenye fruktosi nyingi, sharubati ya kawaida ya mahindi, chumvi, viungo na unga wa kitunguu. Ya Uingereza ina nyanya, siki, sukari ya kawaida, chumvi, na dondoo za viungo ambamo figili-ajemi (seleri) hutajwa. Ya Kanada nayo hutumia sukari. Watu wengi huilaumu sharubati ya mahindi kwa tofauti wanayoisikia, lakini ukigeuza chupa ukasoma jedwali la virutubisho utaona kwamba sukari inakaribiana kabisa: ya Marekani ni gramu 4 katika kijiko cha gramu 17, yaani kama gramu 23 kwa kila 100, na ya Uingereza iko hapo hapo. Kinachoachana zaidi ni chumvi. Lebo ya Marekani huandika sodiamu, miligramu 180 kwa kijiko. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi: inakuja karibu gramu 2.7 kwa gramu 100. Ya Uingereza ni kama 1.8. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya kipimo kimoja cha chumvi kifae nchi moja kikaharibu nchi nyingine.

Sasa linganisha na sosi nyingi za bei ya kati Afrika Mashariki, zile zinazowekwa mezani katika chupa za kubinya. Humo maji na sukari huwa mbele, rojo la nyanya ni kidogo, na uzito wa sosi unatoka kwenye wanga au gamu. Kisha kuna asidi ya asetiki, chumvi, mara nyingine rangi, na benzoeti ya sodiamu ya kuzuia isioze. Hilo lina sababu zake. Chupa ya kibandani inakaa juani mchana kutwa bila friji, na bei yake lazima imfae muuza chipsi. Marekani walipita njia nyingine: mwanzoni mwa karne ya 20, wakati benzoeti ilipokuwa ikigombaniwa, Heinz waliiondoa, wakatumia nyanya zilizoiva sana na kuongeza sukari na siki ili vyenyewe vilinde sosi. Ule uzito na uchachu unaokushangaza leo ulianza kama njia ya kuhifadhi. Kwa hiyo huwezi kuirekebisha kechapu kwa kuimwagia sukari tu. Inabidi uipunguze nyanya, kisha urudishe uzito kwa wanga.

Kwa chupa ya gramu 420 hivi natumia kechapu gramu 200, maji mililita 150, sukari gramu 40, wanga wa mahindi gramu 10 (ule mweupe laini kama poda, si unga wa ugali), siki ya asilimia 5 mililita 20, unga wa kitunguu saumu nusu kijiko cha chai, na karafuu ya kusaga inayokaa kwenye ncha ya kisu. Chumvi ni gramu 4 kama kechapu ni ya Uingereza, gramu 2 kama ni ya Marekani. Nunua mizani ya jikoni. Vijiko vinadanganya sana kwenye wanga, na gramu 5 za ziada zinakupa uji.

Changanya vitu vikavu kwanza: sukari, wanga, chumvi, kitunguu saumu, karafuu. Chembe za sukari zinatenganisha chembe za wanga, ndiyo maana madonge hayatokei. Mimina maji baridi, koroga kwa mchapo (kile kifaa cha waya cha kupigia mayai), ndipo uweke kwenye moto wa wastani huku unakoroga mpaka chini. Mchanganyiko utakuwa mweupe kama maziwa, kisha utaanza kung'aa na kuwa mzito. Uache utokote dakika moja kamili. Ukiutoa mapema, sosi itabaki na ladha ya unga mbichi na itapwaya kesho yake. Tia kechapu, koroga mpaka itokote tena, dakika mbili zinatosha, zima moto. Siki inaingia mwisho kabisa, jiko likiwa limezimwa. Asidi ikichemka pamoja na wanga huukata, na sosi iliyokuwa nzuri inageuka maji; na harufu ya siki yenyewe hupotea na mvuke. Chuja kwa chujio la chai, jaza chupa iliyochemshwa ingali moto.

Ikikaa friji siku tatu au nne, maji huanza kujitenga juu. Hiyo ni tabia ya wanga wa kawaida; viwandani hutumia wanga uliobadilishwa au gamu. Dawa yake ni gramu 1 ya zanthani gamu (huuzwa kwenye rafu ya vyakula visivyo na ngano), ichanganywe na sukari kavu tangu mwanzo. Ukiinyunyizia kwenye maji peke yake itashikana vidonge ambavyo havitayeyuka hata ukoroge saa nzima. Ukiitumia, punguza wanga hadi gramu 7.

Rangi itakuwa imefifia kidogo kwa sababu nyanya imepungua. Naongeza kijiko cha chai cha paprika tamu. Usisake rangi nyekundu za dukani: Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Julai 2010, unataka vyakula vyenye rangi sita fulani za kutengenezwa, mojawapo karmoisini, viandikwe onyo kuhusu utulivu na usikivu wa watoto, na watengenezaji wengi wakaziacha kabisa. Paprika inatosha.

Ionje juu ya chipsi ya moto iliyokwisha kutiwa chumvi, sosi yenyewe ikiwa ya joto la chumbani. Sosi ya baridi huficha utamu wake, utaongeza sukari bure. Na kumbuka kwamba kwa kuipunguza nyanya umepunguza pia sukari na asidi zilizokuwa zikiilinda. Hii si ya kuacha mezani. Ikae friji, iishe ndani ya wiki mbili.

Anayetaka kuanza bila kechapu atumie rojo la nyanya la kopo, lile lililokolezwa mara mbili: rojo gramu 100, maji mililita 240, sukari gramu 85, siki ya asilimia 5 mililita 60, chumvi gramu 8, wanga gramu 10, na viungo vile vile. Utaratibu ni huo huo, ila rojo lipikwe dakika tano pamoja na wanga na maji ili ule ukali wa kopo uishe. Ni rahisi zaidi kwa bei, na binafsi naiona iko karibu zaidi na tomato za Peptang au Dabaga kuliko ile inayotokana na kechapu, kwa kuwa haina unga wa kitunguu wa Kimarekani wala figili-ajemi ya Kiingereza. Angalia tu kama rojo limetiwa chumvi kiwandani. Mengine yametiwa, mengine hayana.

Siki ndiyo inayowaharibia watu kazi bila wao kujua. Nimesema asilimia 5 kwa sababu nguvu ya siki haifanani kati ya nchi na nchi. Uingereza na Marekani ya kawaida ni 5. Uholanzi utakuta 4. Ufaransa siki nyeupe ya pombe ni 8. Uswidi ile wanayoiita ättika huuzwa ya 12 na ya 24, na Ujerumani kuna chupa za Essigessenz za 25, ambazo zikimiminwa hivyo hivyo zinaunguza ngozi na koo. Hesabu ni moja: kiasi unachotaka, mara nguvu unayotaka, gawa kwa nguvu ya chupa. Ukihitaji mililita 60 za asilimia 5 na una chupa ya 12, basi 60 mara 5 gawa kwa 12 ni mililita 25. Jaza maji mililita 35.

Halafu kuna aina. Siki kahawia ya shayiri ya Waingereza ina ladha ya mkate na utamu kwa mbali. Kwenye kachumbari haifai, inaipaka nyanya rangi na kuifunika pilipili. Tafuta nyeupe ya pombe. Cha kufurahisha ni kwamba maduka mengi ya chipsi na samaki ya Uingereza hayatumii siki ya kuchachushwa. Hutumia asidi ya asetiki iliyopunguzwa kwa maji na kutiwa rangi ya karameli, na sheria hairuhusu iitwe siki. Makali yake ni yale yale ya siki nyeupe za bei nafuu za kwetu, zinazotengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Ukiisikia ladha ya chipsi za Kariakoo ndani ya duka la Leeds, sababu ndiyo hiyo.

Pilipili sosi ni ngumu zaidi, kwa kuwa ukali na harufu havitoki kwenye chupa moja. Tabasco haisaidii: ni nyepesi, na pilipili zake zimekaa na chumvi kwenye mapipa mpaka zikapata ladha ya kuchachuka. Sriracha iko karibu, ina kitunguu saumu na sukari, ila inakosa nyanya. Mimi naanza na pilipili nyekundu ndefu gramu 100 zilizotolewa mbegu, pilipili mbuzi mbili (kwenye maduka ya Wakaribi huitwa Scotch bonnet, habanero pia inafaa), na punje sita za kitunguu saumu. Chemsha kwa maji mililita 100 dakika kumi, ziache zipoe, ndipo usage. Ukisaga zikiwa za moto mvuke unaweza kurusha kifuniko cha brenda, na pilipili ya moto machoni si jambo la mchezo. Kisha pika msingi ule ule: maji mililita 200, rojo la nyanya gramu 50, sukari gramu 60, chumvi gramu 8, wanga gramu 10, changanya na pilipili, tokosha dakika mbili, malizia na siki mililita 60. Fungua dirisha. Ukali uongeze kwa pilipili mbuzi peke yake, maana zile ndefu kazi yake ni rangi na mwili wa sosi.

Kwa ukwaju wa mishkaki na urojo, kwepa chupa nyeusi za ukwaju uliokolezwa kwa moto. Zina ladha ya kuungua. Chukua tofali la ukwaju, gramu 100 kwa maji ya moto mililita 300, dakika ishirini, kamua, chuja. La Kithai huwa jepesi kwa rangi, la Kihindi jeusi na chachu zaidi, kwa hiyo onja kabla ya kutia sukari.

Mengine nayapitia haraka. Soya sosi ya Kikkoman ya Ulaya hutengenezwa Uholanzi tangu 1997, ya Marekani huko Wisconsin tangu 1973. Zote ni za kuchachushwa, nyepesi kwa rangi kuliko soya sosi nyeusi ya karameli inayotumiwa kwenye kuku wa kwetu. Changanya sehemu mbili za Kikkoman na moja ya soya nyeusi ya Kichina, na usitie chumvi nyingine mpaka uonje. Lea & Perrins (sosi ya Worcestershire) ya Uingereza hutumia siki ya shayiri, ya Marekani siki nyeupe; kwa nyama ya kuchoma napendelea ya Uingereza. Mayonezi ya Kewpie ya Japani ina kiini cha yai bila ute, pamoja na glutameti ya kukoleza ladha, ilhali inayotengenezwa Marekani hutumia dondoo la hamira badala ya glutameti na imeongezwa sukari.

Royco usiiamini kwa jina. Ubelgiji ni supu ya kikombe, Indonesia ni kiungo cha supu, na zote mbili hazitakupa mchuzi. Badala yake changanya wanga wa mahindi vijiko vikubwa vitatu, giligilani ya kusaga viwili, binzari nyembamba kijiko cha chai kimoja, manjano kimoja, uwatu nusu, na unga wa supu ya kuku kijiko kikubwa kimoja. Kijiko kikubwa kimoja cha mchanganyiko huo, kikorogwe kwa maji baridi, kinatosha sufuria ya nusu kilo ya nyama, kitiwe dakika tano kabla ya kuepua.

Mayonezi kwa chipsi, ukiwa Uholanzi, chukua iliyoandikwa fritessaus: ina mafuta machache na sukari zaidi, ndiyo inayoelekea ladha ya kibandani. Ukiwa Uingereza au Marekani, gramu 100 za mayonezi ya kawaida zichanganywe na sukari gramu 6, siki kijiko cha chai kimoja na maji mililita 15. Maji yaingie tone kwa tone huku unakoroga. Ukiyamwaga kwa pamoja mayonezi hupata madonge, na itabidi ukoroge sana mpaka yalainike.