Gold ya Turkish kwenye ndege ya Ethiopian

Pemba unaweza kupanda ndege ndogo pale Chake Chake, kufumba na kufumbua uko Unguja. Lakini ndege zile mzigo ni kilo 15, na kadi yako ya dhahabu hapana anayeitambua. Mimi nilikuwa na mabegi matatu: mawili ya nguo, la tatu la arusi ya mpwa wangu Frankfurt, limejaa kanga, udi, vileja na halua ya Wete. Nikapanda boti Mkoani kwenda Unguja.

Kadi yenyewe ni ya Turkish Airlines, ya abiria wa mara kwa mara, daraja la Elite, ambalo ndani ya Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, huhesabiwa Gold. Safari hii tiketi ya Ethiopian ndiyo iliyokuwa nafuu, na Ethiopian wamo kwenye muungano huo tangu 2011. Kwa hiyo haki zangu zinanifuata: begi moja la ziada, foleni ya mbele, na ukumbi wa mapumziko. Halua niliifunga kwa hesabu hiyo.

Uwanja wa ndege wa Unguja, Terminali ya 3, kijana wa kaunta akalitazama begi la tatu.

"Mama, hili utalilipia. Hapa naona mawili tu."

"Mwanangu, mimi Gold."

Akaipokea kadi, akaigeuza, akatazama skrini, akaigeuza tena. "Kadi naiona, mama. Kompyuta ndiyo haiioni."

Alisema kweli. Wakala aliyenikatia tiketi alikuwa ametia nambari yangu ya zamani ya ShebaMiles, uanachama wa Ethiopian wenyewe, usio na daraja lolote. Safari huandikiwa nambari moja tu. Hiyo ndiyo inayosema wewe ni nani, na maili, yaani pointi za safari, nazo huingia huko huko. Kijana akaifuta, akaandika ya Turkish. Ikagoma. Pasipoti ina jina la babu, kadi haina. Akamwita mkubwa wake, wakanong'onezana, wakabonyeza wanavyojua wao, mashine ikatoa kadi mpya ya kupandia ndege. Pembeni ya nambari, herufi ndogo ambazo nisingeziona bila miwani: *G, alama ya Gold. Begi likaenda.

Nyuma yangu barobaro mmoja alikuwa akifuatilia yote. Akatoa kadi yake ya fedha ya Qatar Airways. Maskini, Qatar wako muungano mwingine, oneworld. Kenya Airways wako wa tatu, SkyTeam, Air Tanzania hawamo kokote. Na hata shirika likiwa mshirika, kinachohesabiwa ni ndege inayokubeba, siyo herufi za nambari ya safari. Unaweza kuuziwa tiketi na mwanachama ukabebwa na asiyekuwa mwanachama, hapo Gold yako imelala.

Ikawa naye anakwenda Frankfurt. Addis, tunakobadilisha ndege, nikamchukua ukumbi wa mapumziko, maana Gold anaruhusiwa mgeni mmoja wa ndege ile ile. Mlangoni wakasoma kadi zetu bila ya neno, akaingia akala kama arusi imeanzia pale. Kwenye sahani ya pili akaniuliza, "Sasa mama, na mimi nihamie Star Alliance?"

Nikamuuliza kazi zake ziko wapi. Doha, akasema.

"Basi kaa ulipo, mwanangu. Mimi vitambaa vyangu nanunua Istanbul."