4294967297, namba iliyomkatalia Fermat

Kuna namba naipenda sana na leo naiongelea yenyewe tu, 4294967297. Ukiitazama unaona ni witiri, haigawanyiki kwa 3 wala 5 wala 7, unaweza ukaamini kabisa ni namba tasa. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini hivyo. Alikuwa anachukua 2, anaipandisha kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kila mara anaongeza 1, akapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa, sasa inayofuata ni 2^32 + 1 ambayo ndo hii yetu.

Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha ni 641 × 6700417.

Usidhani ni lazima ugawanye weee mpaka uifikie 641. Kigawo tasa chochote cha hii namba, ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1, kwahiyo za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641, ya tano tu unayo mkononi!

Ila utamu wenyewe uko hapa, chukua karatasi. 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4. Tuhesabu kwa kuangalia baki tu, ukigawa kwa 641. Kutokana na ile ya kwanza, 5 × 2^7 ni 640, imepungukiwa 1 tu kufika 641, kwahiyo ni sawa na −1, ipandishe kipeo cha 4 unapata 5^4 × 2^28 ni sawa na 1. Ile ya pili inasema 5^4 ni sawa na −2^4, iweke pale ndani, inatoka −2^32 ni sawa na 1, kwahiyo 2^32 + 1 inabaki sifuri. Imeisha, namba ya tarakimu kumi imevunjika na hatujagawanya chochote kikubwa, mimi kila nikiirudia nafurahi upya.

Halafu zidisha zile tano za Fermat, 3 × 5 × 17 × 257 × 65537, utapata 4294967295, pungufu ya yetu kwa 2 kamili. Kama yetu ingekuwa na kigawo kimoja na mojawapo ya hizo basi hicho kigawo kingegawa na 2 pia, na zote ni witiri, haiwezekani (kwahiyo ile 257 pale juu ungeiruka tu bila kujaribu). Na kwa kazi aliyoianza Gauss, mwanahisabati Mjerumani, 1796 na umbo la pande 17, umbo la pande 4294967295 zilizo sawa linachoreka kwa rula na bikari, la pande 4294967297 halichoreki.

Baada ya 65537 hakuna tasa nyingine ya Fermat iliyopatikana mpaka leo. Mimi naamini hakuna, ila uthibitisho bado hajauleta mtu.